Mratibu wa Wanafunzi Wenye Ulemavu Dodoma: Chuoni, Halmashauri au Shirikani?

Dodoma ina neema yake kwa mtu anayetaka kazi ya kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo vilimani tangu 2007. Chuo Kikuu cha St. John's kipo pale ilipokuwa Sekondari ya Mazengo, Chuo cha Mipango na chuo cha biashara, CBE, vipo mjini, na TAMISEMI, wenye shule za serikali, wako Mtumba. Ukishika barabara ya Morogoro kuelekea Chamwino unafika Buigiri, shule ya wasioona iliyofunguliwa 1950, ya kwanza ya aina yake nchini. Mashirika nayo, ambayo zamani yalipanga kila kitu kutoka Dar es Salaam, sasa yana watu wake huku.

Milango ipo, basi, ingawa nafasi zenyewe hazimwagiki. Kinachowachanganya wahitimu wa elimu maalumu, na walimu wa miaka mingi wanaotaka kubadili upepo, ni kwamba milango mitatu imebandikwa kibao kimoja: mratibu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ukiingia ndani unakuta kazi tatu tofauti. Mimi nimekaa upande wa chuo, nikifanya kazi bega kwa bega na watu wa halmashauri na wa mashirika, kwa hiyo upendeleo wangu ukichungulia mahali, mnivumilie.

Nimezipima kwa mambo matano: wanafunzi utakaowahudumia, nani mwenye neno la mwisho, siku inavyokwenda, vifaa na fedha, kisha mkataba na kupanda cheo. Mshahara nimeuweka ndani ya hilo la tano makusudi. Waliochagua kwa mshahara peke yake ndio ninaowaona wakiuliza tena baada ya muda mfupi kama kuna nafasi kwingine.

Wanafunzi utakaowahudumia

Chuoni unakutana na watu wazima waliokwisha kupenya kila chujio. Mwanafunzi asiyeona aliyefika chuo kikuu amefaulu mitihani ya taifa kwa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa ncha ya kidole, amekaa mabweni ya kila namna, na mara nyingi anajua haki zake kuliko wewe. Hataki kulelewa. Anataka notsi zifike kabla ya kipindi, basi. Wanaokupa kazi ngumu ni wale usiowaona: mwenye kifafa, mwenye usikivu hafifu anayejifanya anasikia, mwenye tatizo la afya ya akili aliyeficha hata kwa wazazi. Hawa hawaji ofisini. Wanakuja wakiwa wameshafeli masomo mawili.

Halmashauri mambo yako upande wa pili: watoto, na wengi bado hawajafika shule. Unawahudumia walioandikishwa kwenye shule maalumu, kwenye vitengo vilivyo ndani ya shule za kawaida, na kwenye madarasa jumuishi, lakini nusu ya akili yako inabaki kwa yule aliye nyumbani.

Shirikani wanafunzi wako wanachaguliwa na andiko la mradi. Limeandikwa wasichana wenye ulemavu wa umri fulani katika kata fulani? Basi ni hao. Mvulana wa nyumba ya jirani anayekuangalia ukipita na gari hayumo, na utajifunza namna ya kumjibu mama yake.

Nani mwenye neno la mwisho

Hapa ndipo kazi hizi zinapoachana njia, na kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vingine.

Haki yenyewe haina ubishi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapatikana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ila swali la kila siku ni dogo zaidi: nani anatia saini ili Jumatatu hii mwanafunzi wa kiti mwendo ahamishiwe darasa la chini?

Chuoni saini zimetawanyika. Mhadhiri ni bwana wa darasa lake, idara ina ratiba yake, na kanuni za mitihani ni za seneti. Wewe unaandika barua kwamba mwanafunzi mwenye namba fulani ya usajili apewe muda wa nyongeza na chumba cha peke yake, kisha unaifuata barua hiyo kwa miguu. Kanuni za chuo zikiwa zimetaja kiasi cha muda huo, una pa kushikia. Zisipotaja, kila muhula unaanza kubembeleza upya. Mhadhiri mmoja atakupa nusu saa kwa moyo mweupe. Mwingine atakuuliza, "Sasa mwalimu, hao wengine hawataona anapendelewa?" Huyu wa pili hana roho mbaya. Hajawahi kumwona mtu akirudia swali la mistari sita kwa ncha ya kidole ili kutafuta neno moja ambalo jicho lingelirukia mara moja. Mwalike akae kwenye chumba hicho mtihani mmoja tu, hutambembeleza tena.

Halmashauri, kwa upande wa mitihani, kanuni imeshaandikwa huko juu. Baraza la Mitihani, NECTA, huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Muda wa nyongeza ni dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Kwa hesabu hiyo mtihani wa Hisabati wa saa tatu unakuwa wa saa nne, na wa Historia unakuwa wa saa tatu na nusu. Hakuna wa kumbembeleza. Kazi yako ni kuhakikisha mtoto amesajiliwa kwa hali yake halisi, na kwamba msimamizi wa chumba anaijua kanuni hiyo kabla ya asubuhi ya mtihani.

Lakini ukitoka kwenye mitihani, saini inapanda ngazi. Choo chenye mlango mpana, mwalimu wa kitengo, gari la kufuatilia: kila kimoja ni dokezo linaloanzia mezani kwako, likapanda kwa afisa elimu, likaenda kwa mkurugenzi, likasubiri fedha. Katika halmashauri moja ya kanda hii nilishuhudia mwalimu pekee anayejua nukta nundu akihamishiwa shule isiyo na mtoto hata mmoja asiyeona, kwa kuwa kwenye karatasi ya ikama, yaani idadi ya watumishi, alihesabika kama mwalimu mmoja tu, sawa na mwingine yeyote. Kumrudisha kulihitaji barua nyingi kuliko ile iliyomwondoa.

Shirikani unazo fedha ila huna saini. Unaweza kununua mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu wiki hii hii, lakini huwezi kumwamuru mwalimu mkuu aitoe stoo. Unafanya kazi kwa makubaliano na halmashauri, na wema wa afisa elimu mmoja unaweza kuubeba mradi au kuuzamisha.

Siku inavyokwenda

Kwa wanaodhani mratibu wa chuo anashinda kwenye mikutano ya haki za binadamu, hii ndiyo asubuhi ya kawaida. Mhadhiri ametuma notsi. Unafungua, unakuta ni kurasa 40 zilizopigwa picha kwenye mashine ya fotokopi, nyingine zimelala ubavu, pembeni pana kivuli cha kidole gumba. Mwanafunzi asiyeona ameshajaribu kuzisoma kwa NVDA, programu ya bure inayotamka kilichopo kwenye skrini, na programu imekaa kimya. Kwake ile ni picha, haina herufi hata moja. Unazipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi. Zinatoka, lakini majedwali yamevurugika na milinganyo ya hesabu imegeuka mchanganyiko wa mabano na alama za ajabu. Unakaa kusahihisha mstari kwa mstari. Akitaka kwa nukta nundu ujue ukurasa mmoja wa kawaida unazaa kurasa mbili au zaidi, na karatasi ni nene. Na kipindi ni kesho saa moja asubuhi.

Ukiinua kichwa, mkalimani wa lugha ya alama yuko mlangoni. Amepangiwa vipindi vitatu mfululizo peke yake, na mikono na akili huchoka: kazi hiyo inataka watu wawili wa kupokezana. Mwanafunzi kiziwi naye ana shida ambayo wengi hawaifikirii: hawezi kuangalia mikono ya mkalimani, ubao na daftari lake kwa wakati mmoja. Anahitaji mwenzake wa kumwandikia notsi. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji wewe kujua darasani nani ana mwandiko unaosomeka.

Kisha kuna umbali. UDOM ni pana, ndaki, yaani vyuo vilivyo ndani yake, ziko mbalimbali vilimani, na jua la Dodoma halina huruma. Kupanga bweni la chini karibu na ndaki ya mwanafunzi ni kazi ya mwanzo wa mwaka wa masomo, na ukichelewa, vyumba vimeshagawiwa.

Siku ya halmashauri ina sura mbili. Ya kwanza ni ya ofisini: takwimu za shule, orodha za vifaa, masurufu ambayo hayajarejeshwa. Ya pili ni ya barabarani, kwa pikipiki mara nyingi, na masika korongo likijaa unasubiri ng'ambo hadi maji yapungue. Unafika kwenye boma, unasalimia "Mbukwenyi", maana Mgogo akisalimiwa kwa lugha yake anakupa kigoda. Mazungumzo hayaendi moja kwa moja.

"Shikamoo bibi. Wajukuu hawajambo?"

"Marahaba mwanangu. Hawajambo, watatu wako shule."

"Na yule mdogo?"

Bibi anaangalia chini kidogo. "Yule haoni, mwalimu. Nani atampeleka?"

Wengi wangesikia hapo mila potofu, wakaanza kuhutubia. Bibi ameuliza swali la kiratibu kabisa: shule ni kilomita ngapi, nani atamshika mtoto mkono asubuhi na jioni, na Buigiri kuna nafasi bwenini? Ukiwa na majibu, mtoto anaandikishwa. Ukiwa na hotuba, unapewa maziwa na kuagwa vizuri.

Shirikani siku zako ni semina za walimu, ziara za kata, vikao na vyama vya watu wenye ulemavu kama CHAVITA, chama cha viziwi, na Chama cha Wasioona, halafu ripoti. Ripoti ya mwezi, ya robo mwaka, picha zenye ridhaa iliyosainiwa, orodha za mahudhurio. Kama kuandika kunakuchosha, jua hilo mapema, tena nyingi huandikwa kwa Kiingereza.

Vifaa na fedha

Chuoni fedha hupita njia mbili: bajeti ya kitengo chako, ambayo kwa kawaida ni nyembamba, na mkopo wa mwanafunzi mwenyewe. Bodi ya Mikopo huuangalia ulemavu katika kupanga nani apate, ila hali hiyo lazima ithibitishwe na mganga mkuu wa mkoa au wa wilaya. Mratibu mzuri huhakikisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haendi kugundua hilo dirisha la maombi likiwa limefungwa.

Halmashauri vifaa vingi hushuka kutoka wizarani na kwa wahisani, na havishuki kwa mpangilio unaoutaka. Utapewa fimbo nyeupe mahali palipo na viziwi. Uwezo wako mkubwa uko kwenye mambo yasiyo na bei. Chukua mtoto mwenye ualbino: watu wanakumbuka kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, na ni sawa, maana jua la huku huunguza kweli. Wanasahau macho. Wengi wao wana uoni hafifu, na dirishani mwanga unawaumiza. Msogeze mbele, mgeuzie dawati mbali na dirisha, mwambie mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Umemaliza kabla mtu hajakuuliza fungu la fedha.

Shirikani vifaa si tatizo kubwa kwa muda mradi unapokuwa hai. Shida huja baadaye. Shule Bora, mpango uliofadhiliwa na Uingereza ulioanza 2022 katika mikoa tisa, Dodoma na Singida ikiwamo, ulipita ndani ya mfumo wa serikali wenyewe, na mpango wa namna hiyo huacha mizizi kuliko ule unaoajiri watu wake pembeni. Ukiitwa usaili wa shirika, uliza: mradi ukifungwa, kompyuta zitasajiliwa kwa jina la nani, na matengenezo ni ya nani?

Mkataba na kupanda cheo

Chuo cha umma huajiri kupitia Sekretarieti ya Ajira, na ukithibitishwa kazini una utulivu. Ila chunguza kama nafasi ni ya mratibu kamili au ni jukumu alilobandikwa mhadhiri juu ya vipindi vyake. Hii ya pili ipo sana, na mwenye mzigo huo hupandishwa cheo kwa machapisho, si kwa wanafunzi aliowapatia mkalimani. Vyuo binafsi na vya dini vina taratibu zao, na huko mara nyingi mtu mmoja ndiye mratibu, mshauri wa wanafunzi na mlezi wa bweni.

Halmashauri huombi uratibu moja kwa moja. Unaanza kama mwalimu kwenye TGTS, ngazi za mshahara wa walimu, unasomea elimu maalumu, ama chuo kikuu ama Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, unafundisha kwenye kitengo, kisha unateuliwa kuwa afisa. Njia ni ndefu, lakini anayeipita anajua kitengo kinavyonuka mvua ikinyesha na bati likivuja, na walimu humsikiliza.

Shirika kwa kawaida hulipa zaidi kwa mwezi, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Kupanda cheo maana yake ni kuhamia shirika jingine. Mwenye familia changa na mkopo wa nyumba Nkuhungu au Kisasa apige hesabu ya miezi ya katikati, baina ya mradi uliokwisha na ambao haujaanza.

Kila mlango unamfaa nani

Chuo kinamfaa mtu mvumilivu wa makaratasi na teknolojia, anayeweza kubishana na profesa kwa adabu bila kurudi nyuma, na anayejua kutunza siri. Mwanafunzi akikwambia ana kifafa, mhadhiri anahitaji kujua marekebisho yanayotakiwa tu, jina la ugonjwa si lake.

Halmashauri inamfaa anayependa watoto na barabara, mwenye moyo wa kusubiri dokezo, na anayetaka kufanya jambo litakalobaki baada yake. Mtoto mmoja ukimfikisha darasa la kwanza, kuna mratibu wa chuo atakayempokea miaka kumi na kitu mbele.

Shirika linamfaa mwepesi wa kuanza upya, anayeandika haraka, anayependa kuwaunganisha watu na kujaribu mbinu mpya bila kusubiri waraka.

Ukiwa katika hali hii

Umehitimu juzi na hujawahi kukaa na mtoto mwenye ulemavu nje ya mazoezi ya kufundisha: anzia kwenye kitengo cha shule, hata kwa kujitolea. Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko kule Singida au shule yenye kitengo karibu nawe itakufundisha kwa muhula mmoja mambo ambayo barua za uratibu hazifundishi. Baadaye milango yote mitatu itakuona tofauti.

Wewe ni mwalimu mwajiriwa na umeshathibitishwa: usiache cheki ya serikali kwa mkataba wa mwaka mmoja bila kuuliza kwanza kuhusu likizo bila malipo au kuazimwa. Nenda Patandi kama hujaenda, kisha omba kuhamia kwenye kitengo. Uafisa huja kwa waliopo.

Unajua lugha ya alama vizuri: chuo kitakuhitaji zaidi, maana wakalimani ni adimu. Hakikisha tu hujaajiriwa kama mratibu ukageuzwa mkalimani wa zamu zote, kwani ofisi itabaki imefungwa na wanafunzi wasioona wataendelea kusubiri notsi zao.

Unatoka sekta nyingine, tuseme teknolojia ya habari au ustawi wa jamii: shirika lina mlango mpana zaidi kwako, na chuo ni cha pili. Halmashauri upande wa elimu ni vigumu bila ualimu.

Una ofa mbili mkononi na zinalingana: omba kuonana na mwanafunzi mmoja anayehudumiwa na ofisi hiyo, na umuulize mara ya mwisho alipoomba kitu kilichukua muda gani kupatikana. Mwajiri akikataa usionane naye, hilo nalo ni jibu.

Na kama wewe mwenyewe una ulemavu, sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya waajiriwa wenye ulemavu, na matangazo ya kazi za serikali huwataja watu wenye ulemavu na kuwahimiza waombe. Omba bila kuona haya. Ila kabla ya kusaini, uliza hiyo ofisi ya kuhudumia wanafunzi wenye ulemavu iko ghorofa ya ngapi, na choo cha karibu kina mlango wa upana gani.